Foleni ya Printa: Nani Atangulie?

Kusimama katika foleni ni adabu ambayo kila askari huijua tangu wiki ya kwanza ya mafunzo. Hupanga foleni ya chakula, foleni ya sare, foleni ya mshahara na foleni ya mganga. Familia yake nayo huijua adabu hiyo bombani, dukani na kliniki. Foleni ya watu ina faida moja kubwa, nayo ni kwamba ina macho. Mama aliyebeba mtoto mwenye homa hupishwa, mzee mwenye mkongojo hupewa mahali pa kukaa, na kijana anayejipenyeza hurudishwa nyuma kwa maneno yasiyo matamu.

Siku hizi iko foleni nyingine, nayo imeingia maofisini, vituoni na hata katika maduka madogo ya kuchapa yaliyo nje ya malango ya kambi. Hiyo ni foleni ya printa. Waliomo ndani yake si watu, bali ni maandishi ambayo bado hayajawa karatasi: barua, mitihani, orodha za mishahara, vyeti, ratiba za harusi na ratiba za mazishi. Foleni hiyo haina macho. Hufuata tu masharti iliyowekewa. Na kama hayakuwekwa masharti, hufuata sharti moja, kwamba aliyetangulia kufika ndiye atakayetangulia kutoka.

Chukulia duka moja la namna hiyo, ambalo mwenyewe ni mke wa sajini. Ana printa mbili: moja kubwa, yenye kutoa kurasa 20 kwa dakika, na ya pili ndogo na kuukuu, yenye kutoa kurasa 8. Saa 3 za usiku mwalimu wa shule ya msingi analeta mitihani ya kesho asubuhi. Masomo ni 6, kila somo lina kurasa 5, na wanafunzi ni 120. Jumla ni kurasa 3,600, yaani kazi ya saa 3 kamili kwa printa kubwa. Saa 3 na robo anaingia kijana mwenye macho mekundu. Baba yake, koplo mstaafu, amefariki, na maiti itaondoka hospitali alfajiri kwenda kijijini. Anahitaji nakala 80 za ratiba ya mazishi, kila nakala karatasi moja iliyochapwa pande mbili na kukunjwa katikati. Hiyo ni kazi ya dakika 8. Kabla hajamaliza kueleza, anafika tarishi na ripoti ya kurasa 40, akisema kwamba afande anaitaka sasa hivi. Na umeme wa mtaa huo hauaminiki hata kidogo.

Nani atangulie? Printa haijui. Haijui mauti, wala haijui cheo, wala haijui kwamba watoto 120 watakaa madawatini saa 2 asubuhi. Jibu la swali hilo lazima liwe limekwisha kuwekwa ndani ya foleni kabla ya usiku huo kufika. Ndiyo maana yafaa kila mwenye dhamana ya printa, awe karani wa kituo au mama mwenye duka, aelewe jinsi foleni inavyopangwa.

FOLENI ILIKOTOKA

Katika miaka ya mwanzo ya kompyuta, mtambo mmoja uligharimu fedha nyingi kupita kiasi, ilhali printa yake ilikwenda polepole. Kompyuta ilipotaka kuchapa, ilibidi ikae bure mpaka printa imalize, kama dereva wa lori anayengoja wapakuzi washushe mzigo gunia moja moja. Dawa iliyopatikana ilikuwa ghala. Kazi huwekwa kwanza katika hifadhi ya kompyuta, kompyuta huendelea na shughuli nyingine, na programu ndogo hukaa mlangoni mwa ghala ikiipakulia printa kazi moja baada ya nyingine. Mpangilio wa kazi ndani ya ghala hilo ndio foleni.

Utaratibu mmoja wa foleni, uliotokana na mitambo ya Unix ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, uliandikwa rasmi mwezi Agosti 1990 katika hati ya mtandao namba 1179. Mwaka 1997 Mmarekani Michael Sweet alianza kuunda mfumo mpya uitwao CUPS, uliotolewa kwa watu mwaka 1999. Kampuni ya Apple iliuingiza katika kompyuta zake mwaka 2002, na mwaka 2007 ikaununua. Leo mfumo huo hutumika katika kompyuta za Mac na katika nyingi zenye Linux. Windows ina mfumo wake, ambao baadhi ya masharti yake hutofautiana kwa majina na kwa namba. Katika makala haya masharti yatakayoelezwa ni yale ya CUPS, ambayo mwenye kompyuta huweza kuyaona kwa kufungua ukurasa wa usimamizi ulio katika mlango namba 631 wa kompyuta hiyo hiyo.

JINA NA SHARTI

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba foleni si printa. Printa moja yaweza kuwa na foleni tatu, na foleni moja yaweza kulisha printa tatu. Asiyeijua tofauti hiyo hupanga kila kazi upya kwa mkono, na kila anapopanga upya hupata nafasi mpya ya kukosea.

Mwenye duka aliye makini hufungua foleni kadhaa kwa printa yake kubwa. Ya kwanza ni ya mitihani: karatasi za A4, upande mmoja, wino mweusi, kila nakala ikipangwa kamili kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Ya pili ni ya ratiba: pande mbili, kurasa mbili katika kila upande, tayari kwa kukunjwa. Ya tatu ni ya vyeti: karatasi nene kutoka trei ya pili. Masharti yakiisha kuwekwa na kujaribiwa mara moja, mtu anayechapa hana haja ya kukumbuka chochote isipokuwa jina la foleni. Kwa sababu hiyo jina liwe la kazi, wala lisiwe la mashine. Foleni iitwayo “mitihani” huelewa hata mtoto wa mwenye duka aliyeachiwa kazi kwa nusu saa. Foleni yenye jina refu la kiwandani, lenye herufi na tarakimu, huelewa fundi peke yake.

Kinyume chake, printa mbili au zaidi za aina moja zaweza kuunganishwa katika kundi moja. Kazi ikitumwa kwa kundi, huchukuliwa na printa yoyote iliyo wazi. Huo ni mpango mzuri kwa ofisi yenye kazi nyingi zinazofanana. Lakini mashine za kundi moja ziwe kweli zinafanana. Mtu akiunganisha mashine yenye uwezo wa pande mbili na ile isiyo na uwezo huo, atapata nusu ya vitabu vyake vimekunjika sawa, na nusu nyingine ni karatasi za kuwashia jiko.

MILANGO MIWILI

Kila foleni ya CUPS ina milango miwili, na malalamiko mengi maofisini hutokana na kutoitofautisha. Mlango wa kwanza ni wa kupokea: je, foleni inakubali kazi mpya? Mlango wa pili ni wa kutoa: je, kazi zilizopokewa zinapelekwa kwenye printa? Kila mlango hufungwa na kufunguliwa peke yake.

Printa inapotengenezwa kwa dakika 10, yafaa kuufunga mlango wa kutoa tu. Kazi zitaendelea kupokewa na kungoja, na mashine ikipona zitatoka kwa mpango wake. Printa inapoondolewa kwa wiki nzima, yafaa kuufunga na ule wa kupokea, ili mtumaji akataliwe papo hapo, ajue na kutafuta njia nyingine. Kuacha mlango wa kupokea wazi wakati hakuna kitakachotoka ni sawa na karani anayepokea barua za watu kwa tabasamu na kuzitia katika droo iliyopotea ufunguo. Tena siku mashine itakaporejeshwa, kazi zote za wiki nzima zitamwagika pamoja, zikiwa zimepitwa na wakati, nazo zitakula karatasi na wino wa mwezi.

Iwapo printa imeharibika na kazi tayari zimo, hakuna haja ya kuwarudisha watu mwanzo. Mfumo huruhusu kazi kuhamishwa kutoka foleni moja kwenda nyingine. Mwenye duka asiyejua hilo hufuta na kuomba faili tena. Na mteja aliyekwisha kurudi kwake akiamini kwamba kazi yake imo mstarini hatakuwapo kuulizwa.

HARAKA YA NANI?

Katika CUPS kila kazi hubeba namba ya kipaumbele kuanzia 1 hadi 100, na isiyopewa namba huhesabiwa kuwa 50. Yenye namba kubwa hutangulizwa. Hapa ndipo penye shida yenyewe, kwa sababu namba hiyo yaweza kutajwa na mtumaji mwenyewe anapotuma. Kila mtu akijipa 100, basi hakuna aliye wa kwanza, na foleni hurudi kuwa ile ile ya aliyetangulia kufika, isipokuwa sasa ina manung’uniko. Askari aliyekaa na amri ishirini zote zenye alama ya “haraka sana” anaelewa jambo hili pasipo kuelezwa.

Kwa hiyo namba ziwe chache, na kila moja iwe na maana inayojulikana kwa wote. Katika duka la mke wa sajini zatosha tatu. Kazi ya kawaida ibaki 50. Kazi yenye saa isiyoweza kusogezwa, kama mazishi, safari au mahakama, ipewe 80. Kazi kubwa isiyo na haraka, kama vitabu vya hesabu vya chama cha akiba, ipewe 20. Maana hizo ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani. Namba hazitolewi kwa sauti ya mwombaji wala kwa nyota za begani mwake. Cheo kina heshima yake mahali pake, na afande mwema huwa wa kwanza kuelewa kwamba foleni iliyovunjwa kwa ajili yake leo itavunjwa kesho kwa ajili ya mwingine dhidi yake.

Walakini kipaumbele kina mpaka ambao wengi hawaujui. Hakiikatizi kazi iliyokwisha kuanza kutoka. Hutanguliza tu kati ya zile zinazongoja. Mwalimu akituma mitihani yake yote kama kazi moja ya kurasa 3,600, namba 80 ya kijana wa msiba haitamsaidia chochote. Atangoja mpaka saa 6 za usiku, ama mwenye duka aikatize kazi ya mwalimu katikati na kubaki na rundo la karatasi asilojua limefika nakala ya ngapi. Lakini mitihani hiyo hiyo ikitumwa kama kazi 6, somo moja moja, hakuna atakayengoja zaidi ya dakika 30 kabla ya nafasi kupatikana. Kazi ndefu igawanywe. Katika mambo yote ya foleni, hili ndilo ambalo faida yake huonekana upesi kuliko yote, na halihitaji kununua kitu.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba kipaumbele hufanya kazi ndani ya foleni moja. Foleni mbili za printa moja hazisomeani namba. Kwa hiyo kazi zinazoweza kugombea nafasi ziwekwe katika foleni moja, au msimamizi aisimamishe kwa muda foleni ya mitihani wakati ile ya ratiba inapita.

Kazi yaweza pia kuzuiwa kwa makusudi: ipokewe, isitoke mpaka iachiliwe au mpaka saa iliyotajwa. Vitabu vya hesabu vyaweza kutumwa mchana na kuamriwa kutoka usiku, mashine ikiwa haina wateja. Hati za siri nazo zizuiwe mpaka mwenyewe afike na kusimama mbele ya trei.

FOLDA INAYOJITUMA

Penye kazi nyingi zinazojirudia, watu wameongeza hatua moja zaidi. Programu huwekwa kulinda folda fulani ya kompyuta. Faili likitiwa humo, programu hulichukua, hulipa masharti ya foleni iliyotajwa na kulituma lenyewe, pasipo mtu kubonyeza chochote. Kwa njia hii hati za mshahara, stakabadhi na lebo za bohari huchapwa usiku kucha, karani akiwa amelala kwake.

Folda hiyo ni kama kuruta mtiifu asiyeuliza swali, na utii wa namna hiyo unahitaji amri zilizo kamili. Kuna makosa matatu yanayojirudia. La kwanza ni programu kulichukua faili kabla halijamaliza kunakiliwa, ikachapa nusu yake au ikashindwa. Dawa yake ni kunakili faili katika folda nyingine iliyo katika hifadhi hiyo hiyo, kisha kulihamishia katika folda inayolindwa likiwa kamili. Kosa la pili ni kutoliondoa faili lililokwisha kuchapwa. Programu ikianzishwa upya baada ya umeme kukatika, hulikuta tena na kulichapa tena. Dawa ni kuwa na folda mbili za pembeni: ya zilizokamilika na ya zilizokataliwa. Kosa la tatu ni kutoangalia ile ya zilizokataliwa. Hati ya mshahara ya askari mmoja ikikataliwa kwa sababu jina lake lina herufi isiyotambuliwa, mashine haitamwonea huruma wala kumkumbusha karani. Mtu atakwenda dirishani mwisho wa mwezi na kuambiwa hayumo.

Kwa hiyo kabla ya kuliachia kundi la kazi 500, ichapwe 1. Itazamwe ukubwa wa karatasi, upande, pambizo na mpangilio wa kurasa. Kisha zichapwe 5, zihesabiwe. Ndipo zifuate zilizobaki.

UKIMYA NI HATARI

Foleni lazima iambiwe la kufanya inapokutwa na tatizo. CUPS huruhusu kuchagua: kuitupa kazi iliyoshindikana na kuendelea na inayofuata; kuirudia baadaye; kuirudia papo hapo kabla ya kugusa nyingine; ama kuisimamisha printa kabisa na kuihifadhi kazi. Hakuna chaguo moja lililo jema mahali pote. Foleni ya stakabadhi haifai kuitupa kazi, kwa kuwa kila stakabadhi ni fedha. Foleni ya picha za mapambo yaweza kuitupa, watu wasicheleweshwe. Chaguo lolote litakalochukuliwa, awepo mtu atakayepata habari.

Habari za kisa kimoja zimeenea duniani kote. Katika Chuo cha MIT nchini Marekani, Richard Stallman alikuwa ameiongezea programu ya printa ya maabara yao uwezo wa kuwapelekea ujumbe wote wanaongoja, kila karatasi zilipokwama. Aliyeupata ujumbe alikwenda kuzikwamua. Ilipoletwa printa mpya ya Xerox, karibu na mwaka 1980, maandishi ya programu yake hayakutolewa, na hivyo uwezo ule haukuweza kuongezwa. Watu walikwenda kuchukua karatasi zao na kukuta mashine imekwama zamani. Kukerwa kwake na jambo hilo ni miongoni mwa yaliyompeleka kuanzisha mradi wa programu huru uitwao GNU mwaka 1983.

Kisa cha pili ni kizito zaidi, na kila askari polisi yafaa akijue. Mwezi Februari 2016 wezi waliokuwa wamekwisha kuingia kwa siri katika kompyuta za Benki Kuu ya Bangladesh walituma hati 35 za kuhamisha fedha za benki hiyo zilizowekwa New York. Jumla waliyoitaka ilikaribia dola milioni 951. Benki ilikuwa na printa iliyochapa yenyewe kumbukumbu za miamala hiyo. Wezi walipanda programu iliyoingilia ujumbe uliokuwa uende kwenye printa, ili karatasi zisitoke. Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 5 Februari, printa ilikutwa haifanyi kazi. Wafanyakazi walidhani kwamba ni hitilafu ya kawaida, kwa maana printa huharibika mara kwa mara. Ilipokuja kurudishwa katika kazi, ilitoa maswali ya haraka kutoka New York kuhusu fedha zile, lakini siku za mapumziko zilikuwa zimekwisha kuingia. Hati nyingi zilizuiwa, ila dola milioni 81 zilipita hadi Ufilipino.

Printa ile haikuwa na silaha, lakini ilikuwa lindoni. Mlinzi anapokosa kujibu wito wa usiku, hakuna kamanda anayesema kwamba pengine amechoka, aulizwe Jumatatu. Hutumwa watu wa kuangalia mara moja. Foleni inayochapa kumbukumbu za fedha, za silaha au za mahabusu ihesabiwe vivyo hivyo: ikinyamaza, mtu aende, na sababu iandikwe katika daftari la zamu.

SIRI ZINAZOBAKI

Mengi huvuja pasipo mwizi yeyote. Karatasi iliyochapwa ikaachwa katika trei ni barua iliyobandikwa ukutani. CUPS ina kurasa za kutangulia zinazoweza kuwekwa mbele ya kila kazi, zikiwa na jina la mwenyewe, na nyingine zikiwa na alama za daraja la usiri kuanzia ya wazi hadi siri kuu. Foleni yaweza pia kuwekewa orodha ya watu wanaoruhusiwa kuitumia, na kikomo cha kurasa kwa kila mmoja.

Tena karatasi ikiisha kutoka, kazi haijafutika. Nakala ya faili huweza kubaki katika kompyuta kwa muda, na katika matoleo ya karibuni muda wa kawaida ni siku nzima, ili iweze kuchapwa tena. Hilo ni jema karatasi ikichanika. Ni baya iwapo faili ni majibu ya hospitali ya jirani au nakala ya kitambulisho cha mteja. Muda huo hupunguzwa au kuondolewa katika mpangilio, na mwenye duka mwaminifu afanye hivyo.

Programu za foleni zisasishwe pia. Stuxnet, programu haribifu iliyogunduliwa mwaka 2010 na iliyoharibu mitambo ya nyuklia ya Iran, ilitumia pamoja na njia nyingine kasoro katika huduma ya foleni ya Windows. Mwezi Julai 2021 kampuni ya Microsoft ililazimika kutoa marekebisho ya dharura kwa kasoro nyingine iliyoitwa PrintNightmare, na mwezi Septemba 2024 zilitangazwa kasoro katika CUPS pia. Foleni isiyohitajika nje ya ofisi isifunguliwe kwa mtandao wa nje.

USIKU ULE DUKANI

Turudi kwa mke wa sajini. Alikuwa amemwomba mwalimu alete mitihani kama mafaili 6, na kila moja aliliingiza peke yake. Saa 3 na robo kijana wa msiba alipoingia, somo la kwanza lilikuwa limefika nusu.

“Pole sana, mwanangu,” alimwambia. “Keti. Hutakaa sana.”

Aliipanga ratiba, akaisoma pamoja naye ili jina la marehemu na namba yake ya jeshi visikosewe, akachapa nakala moja ya kujaribu katika mashine ndogo. Kisha akaisimamisha foleni ya mitihani isiendelee baada ya somo lile, na akamgeukia tarishi.

“Mwambie afande kwamba ripoti yake itatoka sasa hivi katika mashine hii ndogo. Ni dakika 5 tu.”

Saa 3 na nusu somo la kwanza lilikwisha. Ratiba ya mazishi ikashika nafasi, na saa 3 na dakika 38 nakala 80 zilikuwa mezani. Tarishi alikuwa amekwisha kuondoka. Foleni ya mitihani ikafunguliwa, na karatasi ya mwisho ikatoka saa 6 na dakika 8 za usiku. Mwalimu alipoteza dakika 8, na alizitoa kwa hiari alipoambiwa sababu. Umeme nao, kwa bahati, haukukatika.

Mashine zilikuwa zile zile. Kasi yake haikuongezeka, wala hakuna senti iliyotumika kununua kifaa kipya. Kilichomsaidia yule kijana ni kwamba mtu mmoja alikuwa amekaa mchana, pasipo haraka ya mtu yeyote, akajiuliza ni akina nani watakaofika usiku na kila mmoja wao atakuwa amebeba nini. Kisha akaiandikia foleni majibu yake. Basi kila mwenye dhamana ya printa, kituoni au nyumbani, aketi wiki hii na kuzikagua foleni zake: majina, milango, namba, la kufanya inaposhindwa, na jina la mtu atakayepewa habari inaponyamaza. Foleni haina macho, na itaona yale tu ambayo mwenye kuipanga aliyaona kabla yake.